Haki ya mtoto mchanga huanza kabla ya siku ya saba

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone la manii na kumkuza tumboni mwa mama yake hatua baada ya hatua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika kutoka katika mimbari zetu. Nalo ni hali ya mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye ugonjwa wa kisukari, na namna homoni za mwili wake zinavyokuwa katika saa zake za mwanzo hapa duniani. Huenda wengine wakasema kwamba hayo ni mambo ya hospitali, hayana nafasi katika ukurasa wa dini. Sisi tunaona kinyume chake, kwani Uislamu umempa mtoto haki zake tangu akiwa tumboni, na kulinda uhai ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria yetu.

Katika Wilaya ya Same na kote katika Milima ya Upare, kuanzia Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, Mbaga na Vudee upande wa kusini, hadi tambarare za Hedaru, Makanya, Kisiwani, Ndungu na Kihurio, mtoto akizaliwa katika nyumba ya Kiislamu kila mtu anajua wajibu wake. Mtoto ataadhiniwa sikioni, na siku ya saba atapewa jina, atanyolewa nywele na kuchinjiwa akika. Mbuzi hutafutwa mapema, na jamaa wa mbali hupelekewa habari. Haya ni mambo mema na tunayahimiza. Lakini kwa mtoto wa mama mwenye kisukari, hatari kubwa iko katika siku ile ya kwanza, na hasa katika saa zake chache za mwanzo. Hatari hiyo haisubiri siku ya saba.

Sukari hupita, insulini haipiti

Mwili wa binadamu una kiungo kiitwacho kongosho, kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuiingiza katika chembe hai za mwili ili itumike au ihifadhiwe. Mtu mwenye kisukari ama hana insulini ya kutosha, ama mwili wake hauitii insulini aliyonayo, na kwa sababu hiyo sukari hujaa katika damu. Wapo wanawake ambao huingia katika ujauzito wakiwa tayari na ugonjwa huu. Wapo pia ambao hupatwa nao wakati wa ujauzito tu, kwa kuwa homoni zinazotoka katika kondo la nyuma huidhoofisha kazi ya insulini ya mama.

Sasa, mtoto aliye tumboni hupata chakula chake kupitia kondo hilo. Sukari ya mama hupita kwa wepesi mpaka kwa mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Hivyo basi, sukari ya mama ikiwa nyingi, mtoto naye hupokea sukari nyingi, na hana wa kumsaidia kuipunguza isipokuwa kongosho lake mwenyewe. Kongosho hilo dogo hufanya kazi kupita kiasi na kutoa insulini nyingi, siku baada ya siku, kwa wiki na miezi.

Maelezo haya yalijengwa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, aliyewahudumia wajawazito wenye kisukari mjini Copenhagen na kuyaandika katika miaka ya 1950. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2008, yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Watafiti walichukua damu ya kitovu mara mtoto alipozaliwa na kupima peptidi C, ambayo hutolewa na kongosho pamoja na insulini, na kwa hiyo huonyesha kiasi cha insulini ambayo mtoto ameitengeneza mwenyewe. Ilidhihirika kwamba kadiri sukari ya mama ilivyokuwa juu, ndivyo idadi ya watoto wenye insulini nyingi na uzito mkubwa ilivyoongezeka, hata kwa akina mama ambao sukari yao haikufikia kiwango cha kuitwa wagonjwa wa kisukari.

Mfano wa ndiva

Ndugu zetu wa Upare wanalifahamu bwawa la asili liitwalo ndiva, ambalo wazee walilijenga ili kukusanya maji ya kijito, kisha kuyafungulia yateremke kwa mifereji mpaka mashambani. Tuchukue mfano huo. Kijito kikifurika, msimamizi wa zamu hulifungua toleo la ndiva kwa upana ili bwawa lisipasuke. Tuseme kijito hicho kikatike ghafla, na toleo libaki wazi vile vile. Muda si mrefu ndiva itakauka.

Ndivyo yanavyomtokea mtoto huyu. Kitovu kinapokatwa, sukari iliyokuwa ikimiminika kutoka kwa mama hukoma papo hapo. Lakini kongosho lake, lililozoea wingi, huendelea kutoa insulini kama kwamba sukari bado inakuja. Insulini hiyo huiondoa katika damu sukari kidogo iliyobaki, na mtoto huishiwa sukari ilhali ubongo wake unaihitaji kuliko kiungo kingine chochote.

Tuelewe pia kwamba kila mtoto mchanga hushuka sukari kidogo katika saa moja au mbili za kwanza. Huo ni utaratibu wa kawaida aliouweka Muumba. Kwa mtoto mwenye afya, insulini hupungua, na homoni nyingine iitwayo glukagoni hupanda na kuliamuru ini litoe akiba yake ya sukari. Kwa mtoto wa mama mwenye kisukari, insulini hubaki juu na glukagoni huitikia kwa udhaifu, kwa hiyo mlango wa akiba haufunguki inavyotakiwa. Hali hiyo kwa kawaida hutulia katika muda wa siku moja hadi tatu, endapo mtoto atasaidiwa kuvuka kipindi hicho.

Wala si insulini peke yake. Damu ya kitovu ya watoto hawa huonekana kuwa na kiwango cha juu cha leptini, homoni inayotokana na mafuta ya mwili. Homoni inayosimamia madini ya chokaa katika damu nayo huchelewa kufanya kazi yake, na baadhi ya watoto hupungukiwa na madini hayo katika siku za mwanzo. Aidha, insulini nyingi tumboni huweza kuchelewesha kukomaa kwa mapafu, na mtoto akazaliwa akihema kwa shida ingawa siku zake zimetimia.

Mtoto mnono si lazima awe na afya

Katika jamii yetu mtoto akizaliwa na kilo 4 au zaidi, nyumba hujaa furaha. Husemwa kwamba mama alikula vizuri na baba alitunza. Mara nyingi ni kweli, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini insulini humkuza mtoto aliye tumboni, humjaza mafuta mabegani na tumboni, na pengine humfanya akwame wakati wa kuzaliwa. Mtoto huyu aliyenona huweza kuwa na sukari ndogo kuliko kichanga mwembamba wa kitanda cha pili. Kwa mantiki hiyo, mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na kuendelea, au aliyezaa mtoto mfu bila sababu kujulikana, au mwenye mzazi au ndugu wa kisukari, au mwenye uzito mkubwa, anapaswa kuyataja hayo anapokwenda kliniki mara ya kwanza.

Yapo mambo mengine ya kuyaeleza kwa uwazi. Sukari hupimwa kwa damu, na wataalamu hupendekeza kipimo cha kunywa maji ya sukari maalumu kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito. Kipimo cha mkojo pekee hakitoshi, kwani huwaacha wengi wakiwa hawajagunduliwa. Aidha, wapo akina mama wanaoikataa sindano ya insulini kwa kuhofia kwamba itamdhuru mtoto. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu, kama tulivyoeleza, insulini ya mama haivuki kondo. Inayovuka na kumdhuru ni sukari isiyotibiwa.

Si ugonjwa wa mijini tu

Zamani ilisadikiwa kwamba kisukari si ugonjwa wa watu wa vijijini, na ushahidi ulikuwapo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakaona kwamba watu wazima wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 1991 utafiti mwingine ulieleza kwamba wajawazito wa vijijini hawakuonekana kupanda sukari.

Nyakati zimebadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Mwaka 2014 Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake walichapisha takwimu za kisukari cha ujauzito: asilimia 8.4 mjini na asilimia 1 kijijini. Na mjini Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta sukari iliyozidi kwa zaidi ya mjamzito mmoja katika kila 10.

Moshi si mbali na Same. Ni takriban kilomita 100 za lami, na watu wetu wanakwenda na kurudi kila siku. Maisha ya mjini nayo yamepanda milima pamoja nao: soda katika kila sherehe, chai yenye sukari vijiko vinne, na kutembea kwa miguu kumepungua tangu bodaboda zilipofika vitongojini. Makande ya mahindi na maharage, chakula kinachotambulisha Upare, yanaheshimiwa na wataalamu wa lishe, kwa kuwa maharage huifanya sukari iingie katika damu polepole. Mama mwenye kisukari hana haja ya kuyaacha. Ale kwa kiasi, pamoja na mboga za majani, na apunguze vinywaji vitamu.

Habari njema ni kwamba matibabu yanafaa. Mwaka 2005 utafiti wa Australia uliowahusu wanawake 1,000 wenye kisukari cha ujauzito kisicho kikali ulionyesha kwamba walipofuatiliwa na kutibiwa, madhara makubwa kwa watoto wao yalipungua kutoka asilimia 4 hadi asilimia 1. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, aliulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, naye akawaruhusu na kuwahimiza, akibainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Basi mwanamke anayekwenda kupimwa hapungukiwi na tawakkul yake.

Ruhusa ya kutofunga

Ramadhani inapoingia, akina mama wengi wajawazito huona haya kula mchana, hata wanapoambiwa na daktari kwamba sukari yao haiko sawa. Wengine hufunga kwa kuogopa maneno ya mawifi na majirani. Ndugu zetu, Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzilipa siku hizo baadaye, na kueleza kwamba Mwenyezi Mungu anawatakia waja Wake wepesi. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, mjamzito na mwenye kunyonyesha wametajwa pamoja na msafiri katika kupunguziwa uzito wa saumu.

Mjamzito mwenye kisukari amekusanya udhuru mara mbili. Akifunga, sukari yake huweza kushuka mno mchana na kupanda mno baada ya futari ya uji mtamu, tende na kaimati, na kila inapopanda, kongosho la mtoto hufanyishwa kazi. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, mwanamke aliyekula kwa kuhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hulipa siku alizokula. Aliyekula kwa kumhofia mtoto peke yake hulipa siku hizo na kutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja. Kila mmoja na amuulize daktari wake kuhusu mwili, na sheikh wake kuhusu hukumu.

Tahnik na maziwa ya mwanzo

Wengi wetu tunaifahamu sunna ya tahnik. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Asmaa binti Abubakar (R.A.) alihama kwenda Madina akiwa mjamzito, akajifungua mtoto wake Abdullah bin Zubayr alipofika Quba. Akampeleka kwa Mtume (S.A.W.), naye akaitafuna tende, akamtia mtoto kinywani na kumpaka katika kaakaa, kisha akamwombea baraka.

Mwaka 2013 watafiti wa New Zealand walichapisha matokeo ya kuwapaka watoto wachanga walioshuka sukari jeli ya glukosi ndani ya shavu, huku wakiendelea kunyonyeshwa. Watoto hao walipona sukari kwa wingi zaidi kuliko waliopakwa jeli isiyo na sukari. Muislamu anaposikia haya moyo wake hufurahi. Hata hivyo, tuwe waangalifu katika kauli zetu. Tahnik ni ibada ya kumfuata Mtume, ni mguso mdogo wa utamu katika kaakaa. Hatuna haki ya kuitangaza kuwa tiba inayotosha kumwokoa mtoto mwenye insulini nyingi. Anayefanya tahnik awe amenawa mikono, asiwe na kikohozi wala maradhi ya kinywa, na amwarifu mkunga. Wala asitumie asali, kwa sababu asali huweza kubeba vijidudu vinavyomlemaza mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Kinachomtosha mtoto kwanza ni ziwa la mama yake. Anyonyeshwe ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, kisha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, huku akikumbatiwa kifuani ili apate joto, kwani baridi huimaliza sukari upesi, na usiku wa milimani si wa mchezo. Maziwa ya mwanzo ya manjano, yaani dang'a, ambayo baadhi ya wazee huagiza yakamuliwe na kumwagwa, ndiyo riziki yake aliyotayarishiwa. Pamoja na hayo, achomwe kidogo kisiginoni na kupimwa sukari. Wataalamu wengi hukitumia kiwango cha milimoli 2.6 kwa lita kuwa ndicho mpaka, na akiwa chini yake hupewa msaada zaidi, na pengine maji ya sukari kwa mshipa.

Degedege la siku ya kwanza

Tunafika sasa mahali penye uzito. Mtoto aliyeishiwa sukari hutetemeka mikono na miguu, hulegea, hulia kwa sauti ndogo au ya ajabu, hukataa kunyonya, huwa wa baridi, na mwishowe hushikwa na degedege. Hali hiyo ikiachwa, huweza kumharibu ubongo au kumuua. Lakini katika nyumba nyingi husemwa kwamba mtoto ameingiliwa na jini au amepitiwa na ndege wa usiku. Hutafutwa mtu wa kuandika kombe, na saa zinapita.

Hatukatazi kumsomea mtoto Qur'ani, wala hatuna shaka na baraka zake. Mama na asome Ayatul Kursiy akiwa njiani kuelekea hospitali, huku mtoto akiwa kifuani mwake. Hapo atakuwa amejumuisha dua na sababu, kama alivyofundishwa yule bedui na Mtume (S.A.W.), amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Wajibu wa baba na wa jamaa

Suratul Luqman, aya ya 14, inatukumbusha udhaifu juu ya udhaifu anaoupata mama katika kumbeba mtoto. Suratul Baqara, aya ya 233, inapozungumzia kunyonyesha kwa miaka miwili, humbebesha baba jukumu la chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema. Sisi tunaona kwamba nauli ya kwenda kupimwa sukari imo ndani ya wema huo, kwa kuwa bila uzima wa mama hakuna kunyonyesha.

Barabara zetu za milimani zina utelezi nyakati za masika, na bodaboda si chombo cha kumbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hivyo basi, mwanamke aliyekwisha kuambiwa kwamba ana kisukari asingojee uchungu umkute Chome au Mamba. Siku zikikaribia, ashushwe mapema akae kwa jamaa aliye karibu na hospitali ya wilaya hapo Same au Hospitali ya Gonja, na ikiwa madaktari wameagiza, apelekwe KCMC, Moshi. Baada ya kujifungua asiharakishe kutoka kwa sababu wageni wanamsubiri nyumbani. Mtoto wake anahitaji kuangaliwa kwa siku nzima au zaidi. Fedha ya mbuzi wa akika ikigongana na fedha ya safari ya hospitali, safari itangulie. Akika ni sunna, na asiyekuwa na uwezo hana lawama.

Mama mwenyewe arudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kwani aliyepata kisukari cha ujauzito yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Mtoto naye, akikua, achungwe uzito wake. Na asiwepo wa kumnyooshea mama kidole kwa kuwa ana ugonjwa huu. Kisukari si aibu wala si adhabu, ni mtihani kama mitihani mingine.

Tunawaomba maimamu wa misikiti ya Same na Upare nzima wayaseme haya katika darasa na mawaidha, na akina mama wa madrasa wayafikishe kwa mabinti wanaoolewa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini wajibu wa kumlinda ni wetu sote.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa akina mama wagonjwa, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mema zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.